Chokaa kwenye Magoti

Kitu cha kwanza kilichomuuma Inspekta Onésime asubuhi ile hakikuwa damu iliyokauka mbele ya goli. Kilichomuuma ni nyasi.

Jamani, nyasi! Mwezi wa nane, mwaka wa sitini na nane, kiangazi kikali mpaka mbwa wanakohoa vumbi, na uwanja wa Kalemie ulikuwa kijani kama sombe, majani ya muhogo. Walikuwa na pompi ya kuvuta maji ziwani. Walikuwa na jukwaa la mabati lenye viti vya mbao, kila kiti na namba yake. Ukuta wa matofali ulizunguka pande zote, mweupe pe, umepakwa chokaa mpya. Kwao Kabalo mpira ulichezwa mchangani kando ya reli, watazamaji nyuma ya kamba, na treni ya mizigo ikipita refa alisimamisha mchezo kwa sababu hakuna aliyesikia filimbi. Onésime alitema mate pembeni.

"Usiteme mate kwa uwanja yetu," alisema Komisari Bonaventure, akicheka.

Onésime hakucheka. Yeye na Bonaventure walisoma shule moja ya polisi. Onésime alitoka wa kwanza, Bonaventure wa nne, na bado Bonaventure ndiye aliyepewa ukomisari, na biro yenye simu na dirisha la kutazama ziwa. Hayo yangevumilika. Lakini miaka mitano nyuma wazee wa Onésime walikuwa wamekwisha kupeleka posa kwa akina Angélique, posa ikarudishwa, maana Bonaventure alikuwa amepita pale na viatu vyake vya kung'aa. Sasa Angélique alikuwa mke wa komisari. Onésime hakuwa ameoa, na akiulizwa alisema kazi ni nyingi.

Wala hakuja Kalemie kwa upelelezi. Alikuja kwa treni ya Ijumaa, yuko likizo, bendera ya timu shingoni, pamoja na washabiki mia mbili wa Kabalo waliotaka kuiona timu yao ikimnyoosha Kalemie nyumbani kwake. Mchezo ulikuwa leo Jumapili, saa tisa na nusu. Alfajiri ndipo mambo yalipoharibika, na Bonaventure akatuma muntu kumwita.

"Tazama mwenyewe," Bonaventure alisema, akionyesha goli la upande wa ziwa. "Papa Grégoire, mulinzi wa uwanja, alilala hapa, kichwa kimepasuliwa na kipande cha tofali. Pembeni yake shimo. Ndani ya shimo, mizizi imefungwa kwa kitambaa chekundu. Na kofia hii."

Onésime aliigeuza kofia. Ndani, kwa uzi mweusi, palishonwa jina: Valère. Mlinda goli wa Kabalo. Kijana ambaye tangu Lualaba mpaka ziwani hakuna aliyemfikia kwa mikono.

"Yeye anasema nini?"

"Kwamba alfajiri alienda kuoga ziwani. Peke yake. Hakuna aliyemuona. Nimemufungia. Papa Grégoire iko hospitali, hasemi. Akifa, njo itakuwa kesi ya kuua. Kesho asubuhi Valère anaenda kwa parquet, kwa waendesha mashitaka, na kule mimi sina mukono tena."

"Alikuja kuzika dawa golini, mulinzi akamukuta, akamupiga. Njo unavyofikiri?"

"We ungefikiri nini?"

Onésime alijua angefikiri vile vile, na jambo hilo lilizidi kumkera. "Nipe mpaka filimbi ya kwanza," alisema.

"Sawa. Niletee muntu mwingine, na sababu yake, nitafungua mulango mimi mwenyewe."

"Hata kama ni muntu wa Kalemie?"

"Hata kama ni ndugu yangu," Bonaventure alijibu, akaenda zake.

Onésime alipiga magoti penye shimo. Lilikuwa dogo, la mviringo, kina cha kiganja, kingo zake laini. Jembe halichimbi hivyo. Shimo lile lilichotwa, kama muntu anavyochota unga kwa kopo. Aliandika kwenye kijitabu: *kopo?* Kisha akautazama ukuta, hatua kumi nyuma ya goli. Kwenye ile chokaa mpya palikuwa na alama mbili za kiatu, moja juu ya nyingine, na juu kabisa chokaa imekwanguka. Aliziona vizuri kabisa. Hakuandika hata herufi.

Usimshangae. Muntu wa Kabalo akisafiri na timu yake hapiti mlango wa uwanja wa wenyeji. Kila mtoto anajua wenyeji wanazika mambo yao pale chini, ukiyakanyaga tu miguu inakuwa mizito mpaka mwisho wa mchezo. Timu inaruka ukuta, na washabiki wanaruka nyuma yake, wazee kwa vijana. Kwa hiyo kwa macho ya Onésime, ukuta wenye alama za miguu ulikuwa jambo la kawaida kama mlango wenye kitasa.

Penye lango la upande wa mji alimkuta Mama Françoise akikaanga mikate. Mama huyo alikuwa na kiti chake hapo kila siku ya Mungu.

"Mama, wewe unafika hapa saa ngapi?"

"Saa kumi na moja, sawa na Papa Grégoire. Yeye anafungua mulango, anauacha wazi, anaenda kwa pompi. Mimi nawasha moto."

"Leo nani aliingia?"

"Kwa mulango huu? Muntu moja tu. Florent. Aliingia na jembe begani, akatoka mikono mitupu."

"Florent gani?"

"Ee, humujui? Ule mukata nyasi. Ndugu ya Mama Angélique, bibi ya komisari."

Kalamu ya Onésime ilisimama. Kitu kitamu kilimpanda kifuani, kitamu kama asali ya wizi.

"Florent na Papa Grégoire wanapatana?"

"Ah! Jana waligombana hapa hapa. Papa Grégoire alimuita muvivu mbele ya watu. Ule muzee alikuwa amekasirika, alipaka chokaa jioni nzima peke yake, anawatukana nyinyi ba Kabalo. Anasema Ijumaa mulipokuja kwa mazoezi mulichafua ukuta wake na viatu. Alimaliza giza linaingia." Mama Françoise alimpa mkate mmoja. "Kula, Papa. Uso wako umebadilika."

Alipitia shuleni, timu ilikolazwa. Wachezaji walikaa kwenye madawati kama wako matangani, chai inapoa mikononi. Kocha hakuinua kichwa. Aliyesimama ni Jérôme peke yake, mlinda goli wa pili, kijana mpole aliyekuwa anakaa benchi mwaka wa nne sasa. Alikuwa akizunguka na birika, anawamiminia wenzake. Suruali yake ilining'inia dirishani, inachuruzika maji.

"Unafua hata Jumapili ya mchezo?" Onésime alimtania.

"Nilijimwagia chai, Papa Inspekta."

"Leo njo wewe golini."

"Njo Mungu anavyotaka," Jérôme alisema, macho chini.

Saa nne Onésime aliweka karatasi mezani kwa Bonaventure. Alikuwa ameiandika kwa mwandiko mzuri, ule ule uliompa nafasi ya kwanza shuleni. *Florent. Aligombana na mlinzi Jumamosi. Aliingia uwanjani saa kumi na moja. Shimo lilichimbwa kwa jembe.*

Bonaventure aliisoma mara mbili. "Shimo umeliona vizuri?"

"Nimeliona."

"Kwa jembe?"

"Nimeandika."

Onésime alikaa kitini akingoja. Alitaka kumuona mwenzake akijikuna shingo, akifunga mlango wa biro, akisema kwa sauti ya chini, ndugu yangu, tufanyeje jambo hili. Alikuwa amekwisha kutayarisha jibu. Bonaventure alichukua kofia yake, akatoka. Baada ya nusu saa alirudi amemshika Florent mkono, akamtia ndani mwenyewe, na Florent analia kwamba alikwenda tu kurudisha jembe la uwanja alilopeleka nyumbani kulitia mpini.

"Valère je?" Onésime aliuliza.

"Kofia yake haijajieleza bado. Watakaa wawili mpaka moja aseme." Bonaventure aliketi, akafuta jasho. "Nitamuambia nini bibi yangu, sijui. Lakini umefanya kazi yako."

Umefanya kazi yako! Angemtukana ingekuwa nafuu.

Saa saba washabiki wa Kabalo walishuka kutoka stesheni walikolala, kwa ngoma na filimbi, wakazunguka uwanja mpaka nyuma. Lango lilikuwa wazi, pana, askari wawili wanawakaribisha. Hakuna aliyeligeukia. Walianza kupandana mabegani. Watu wa Kalemie walisimama juu ya viti vyao vyenye namba wakizomea, "Ba Kabalo, nyani!" na Kabalo wakajibu, "Nyani atakula mahindi yenu leo!"

Onésime alivua koti. Kwa dakika chache hakuwa inspekta. Alisukuma mama mmoja mzee kwa nyuma, mama analalamika huku anapanda:

"Kama si ule Valère, tusingepata mukosi huu! Ijumaa sisi wote tumeruka, yeye anapita mulangoni anapiga mluzi. Eti yeye mutoto wa mukatekista, haogopi mizizi. Muone sasa!"

"Panda, mama, panda."

Kisha naye akajivuta, akatia goti, akatia lingine, akadondokea ndani. Akajikung'uta. Chokaa haikutoka. Magoti yake mawili yalikuwa meupe kama ya muntu aliyepiga magoti kwenye unga.

Alisimama pale akiyatazama magoti yake, watu wanamwangukia kushoto na kulia.

Jumamosi jioni Papa Grégoire alipaka ukuta mzima, akamaliza giza linaingia. Alama za Ijumaa zilikufa chini ya chokaa. Basi zile alama mbili za nyuma ya goli zilikuwa za nani? Za muntu aliyeruka baada ya jioni ile, alfajiri, wakati lango liko wazi pana na hakuna wa kumkataza zaidi ya mama anayewasha moto. Nani anaacha mlango wazi na kuparamia ukuta, hata pale ambapo hakuna anayemuona?

Sisi, Onésime alijijibu. Sisi tu. Muntu wa Kalemie angepita mlangoni na jembe lake, kama Florent. Na Valère je? Valère naye angepita mlangoni, na mluzi juu.

Alikuwa ameziona alama zile saa moja asubuhi. Nyani haoni kundule! Alikuwa ameliona na shimo pia, na shimo hilo hakulisahau. Alilisemea uongo, kwa mwandiko mzuri.

Wachezaji wa Kabalo hawakubali chumba cha wenyeji. Walikuwa wanavalia nje, kwenye kona, wamezungukwa na bendera. Jérôme alikuwa amevaa tayari jezi ya kijani ya mlinda goli, na glavu mkononi. Mia mbili walikuwa wanaimba jina lake. Alikuwa anatetemeka kwa furaha, na mtu angeweza kumpenda alivyokuwa.

"Jérôme. Njoo kidogo."

"Papa Inspekta, tunaanza kupasha misuli."

"Suruali yako uliyoifua iko wapi?"

"Ndani ya mufuko."

"Ilete."

Aliileta. Ilikuwa na unyevu bado. Onésime aliigeuza ndani nje, akafungua mshono wa goti kwa ukucha. Ndani ya mshono palikuwa na unga mweupe ulioshikana.

"Chai yenu nyeupe," alisema.

"Ni chokaa ya Ijumaa."

"Ijumaa ukuta ulikuwa mukavu, wa zamani. Ungemuuliza Papa Grégoire angekuambia. Lakini hawezi kusema."

Jérôme alinyoosha mkono aichukue suruali.

"Shimo ulichimba na nini?"

"Sikuchimba."

"Pale shuleni munakunywa chai kwa makopo ya bati. Nikienda sasa kuyahesabu, lako nitalikuta na udongo kwenye kingo, ao utaniokolea mwendo?"

Kijana alizitazama glavu zake. Nyuma yao watu waliimba, Jérôme oyé, Jérôme oyé.

"Nilitaka tu wamufungie leo," alisema. "Leo tu. Nilitwaa kofia yake akiwa amelala. Nikaweka mizizi kidogo, watu waamini. Mulinzi alitoka kwa pompi nikiwa nimeinama, akanishika shati. Sikumuona vizuri, na yeye hakuniona. Tofali lilikuwa pale."

"Na kama anakufa?"

"Sikufikiri kufa."

"Ulifikiri nini?"

"Papa, miaka ine! Miaka ine niko pale kwa benchi, namushikia Valère maji. Akidaka mupira, watu wanaruka, na mimi naruka nao, na hapa ndani inauma. Nilikuwa naomba avunjike mukono. Namuombea hivyo na ni rafiki yangu, anagawa chakula chake na mimi. Wewe huwezi kujua." Machozi yalimtoka. "Niache nicheze nusu ya kwanza. Nusu tu. Mama yangu alikuja na treni. Kisha unifunge hata miaka kumi."

Onésime aliutazama umati. Hakumjua mama huyo ni yupi. Angeweza kuwa yule aliyemsukuma ukutani.

"Valère iko ndani," alisema. "Vua glavu."

Walitoka. Njiani Onésime alikuwa na lake la kutafuna. Kumpeleka Jérôme kulikuwa rahisi: ushahidi upo, maungamo yapo, na Valère angewahi filimbi. Lakini Bonaventure alikuwa amesema tangu asubuhi kwamba ni kazi ya muntu wa Kabalo, na ndiyo ikawa. Halafu kulikuwa na ile karatasi.

Kwenye baraza ya komisaria alikuwa amekaa Angélique na sufuria mapajani, imefunikwa kwa kitambaa. Alikuwa amenenepa kidogo, na kulimpendeza. Alikuwa amelia.

"Onésime," alisema. "Nilisikia ulikuja na watu wa mupira. Nilisema jioni utakula kwetu, nikapika samaki, mikebuka ya ziwa. Sasa nimeileta hapa kwa Florent. Wanasema alipiga muntu. Wewe unamujua Florent! Alikuwa anakuletea maji ya kunawa ukija kwetu."

"Namujua," Onésime alisema.

Bonaventure alitoka biro. Alimuona Jérôme, suruali, magoti meupe ya mwenzake, na hakuhitaji kuambiwa mengi. Onésime alieleza kwa maneno machache, kama wanavyofundishwa: ukuta, chokaa, kopo, kofia. Jérôme aliitikia kwa kichwa kila neno.

"Papa Grégoire amefungua macho saa saba," Bonaventure alisema. "Ameomba maji. Hakuona sura ya muntu. Una bahati, mutoto."

Alichukua funguo, akafungua chumba cha mahabusu. Valère alitoka kwanza, mikono yake mirefu inaning'inia. Alimuona Jérôme, akaelewa, akafungua mdomo. Jérôme alimpa glavu bila kumtazama usoni, akaingia ndani alikotoka mwenzake. Valère alizishika muda, kisha akakimbia kuelekea uwanjani. Hakuaga.

Halafu alitoka Florent, shati limechanika begani. Angélique alimrukia shingoni, sufuria ikabaki kwenye benchi. Alipomwachia aliwageukia wanaume wawili, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Nani alitoa jina la ndugu yangu?"

Karatasi ilikuwa mezani, mlango wa biro uko wazi. Bonaventure alinyoosha mkono nyuma, akauvuta mlango taratibu mpaka ukafunga.

"Njo mimi," alisema. "Ni kosa ya biro. Nilikuwa na haraka."

Onésime alimwangalia. Mwaka wa tano sasa alikuwa akimchukia muntu huyu kwa ajili ya biro, kwa ajili ya simu, kwa ajili ya mwanamke. Sasa alimwonea wivu kwa neno hili moja, na huu ulizidi wote. Angenyamaza tu, mambo yangeisha. Angélique angemgombeza mumewe siku tatu, na yeye angepanda treni ya jioni, akila samaki njiani.

"Anadanganya," alisema. "Njo mimi, Angélique. Niliona shimo halikuchimbwa na jembe. Nikaandika jembe. Niliandika kwa sababu Florent ni ndugu yako na huyu ni bwana yako."

Kutoka upande wa uwanja sauti kubwa ilipanda, watu wa Kabalo wamemuona Valère anakuja. Angélique aliichukua sufuria yake kwenye benchi, akamshika Florent mkono, akashuka baraza bila kugeuka.

Ndani ya mahabusu, mlango ungali wazi, Jérôme alikuwa amekaa sakafuni, amesikia yote. Alisogea ukutani, akapangusa simenti pembeni yake kwa kiganja.

"Ingia, Papa Inspekta," alisema. "Nafasi iko."